Shemeji Ameng'olewa Jino

Jumamosi. Mlima Kwaraa umejifunika mawingu tangu asubuhi, na hapa Maisaka kuna kijibaridi cha kutafuta sweta. Lakini furaha niliyonayo, acha tu.

Shemeji amekula majani leo!

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Shemeji ni sungura wetu. Jina alipewa na mume wangu Emanuel, mwenye bucha, eti kwa sababu anashinda nyumbani na mke wa mtu. Alimleta miaka miwili iliyopita awe kitoweo. Mimi nilikuwa nimetoka kupoteza mimba, nimelala nimeugeukia ukuta. Nikamwambia amwache kwanza. Hiyo "kwanza" haijaisha hadi leo.

Wiki iliyopita Shemeji alianza kudondosha ute na kususia chakula. Chini ya taya ukatokea uvimbe kama ndimu. Nilishanunua vidonge vya antibiotiki vya binadamu, namshukuru Mungu sikuwahi kumpa. Daktari wa mifugo, dada mmoja mpole, alisema vile vya kumeza vinaharibu tumbo la sungura na vinaweza kumuua. Jino limeoza kwenye mzizi, akasema, na usaha wa sungura ni mzito kama siagi, haukamuliki. Lazima apasuliwe, usaha utolewe na kifuko chake, jino ling'olewe. Na huenda asiamke kwenye usingizi wa dawa.

Chanzo ni mkate tuliokuwa tukimlisha. Meno ya sungura hayaachi kukua, yanataka majani ya kuyapunguza.

Pale kwa daktari alikuwepo mzee aliyefuata dawa ya ng'ombe. Akacheka. "Kijana, wewe si una bucha? Huyo si wa sufuria huyo?"

Nilingoja Emanuel acheke naye. Ndivyo alivyo, kwake kila kitu utani.

"Shikamoo mzee. Huyu ndiye aliyemtoa mke wangu kitandani. Acha atibiwe."

Mzee aliitikia marahaba, akatusogezea benchi.

Miaka miwili hatujalitaja jambo lile. Nilidhani amesahau. Nilimkasirikia hata, maana siku zile kila akirudi jioni swali lake lilikuwa moja: "Shemeji amekula?" Sungura, siyo mimi! Nainuka kwa hasira kwenda kumtafutia mkate, na kipande kingine natia mdomoni mwangu.

Kumbe.

Wakati wa sindano ya usingizi, huyu anayechinja mbuzi kila alfajiri alimshika Shemeji huku amefumba macho. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Jino likang'olewa, na Shemeji akaamka. Tangu siku hiyo naosha kidonda kwa maji ya chumvi, na daktari anapita kumchoma sindano. Mungu ambariki yule dada.

Jioni hii Emanuel ameingia na fungu jingine la majani kutoka Singe, hajavua hata viatu.

"Shemeji amekula?"

"Tumekula wote," nimemjibu. "Asante, mume wangu."