Maji Ndani ya Kioo cha Waridi

Mzee Hamisi,

Tulikupoteza Jumanne, saa tisa mchana, wiki saba zilizopita. Siku kumi na moja kabla ya hapo ilikuwa imepotea heshima ya mikono yako. Kifo ni kazi ya Mungu. Heshima niliipoteza mimi, na sikujua hadi juzi.

Karakana yetu ya kioo mtaani Nyakabiga ingali wazi. Tanuri linawaka, kioo kinatoka safi, rangi ya waridi, kama ulivyokipenda. Na labo wanakokipima bado inasema ni kibovu. Unaikumbuka hesabu: erbiamu, madini tunayoyachanganya ndani yake, ikipigwa mwanga, inapaswa kung'aa milisekunde nane kabla ya kuzimika, mng'ao ambao jicho halioni, mashine tu. Bila hivyo hakifai kwa nyaya za intaneti. Chetu kilitoa tatu. Mara ya pili, tatu. Nikasema macho yako yamechoka, unazidisha erbiamu kwenye mizani. Nilisema mbele ya injenieri wa labo, naye akaandika kwenye rapo, ripoti yao ya vipimo: kosa la kupima, fundi ni mzee. Wewe, uliyechonga miwani ya nusu ya mji huu.

Nikakunyang'anya mizani. Hukubisha. Ulisema tu, "Sawa, Dokeri. Sasa mi ni wa chai." Na kweli ukapika chai siku kumi na moja, tangawizi tele, kunikomoa. Halafu moyo wako ukasimama.

Baada ya arubaini yako nilipima mwenyewe, mpaka desimali ya tatu. Kioo kikatoa tatu.

Ndipo nikampelekea injenieri kipande, nikamwambia si mizani, tafuta kitu kingine. Akakipitisha kwenye mashine ya infraredi, akanionyesha mstari umeporomoka kama ukingo wa mto. Hayo ni maji, alisema. Si ya kumwagika: ni oksijeni na hidrojeni zilizoshikana jozi jozi, anaziita hidroksili, zikajifunga ndani kioo kilipoyeyuka. Erbiamu ikishika nguvu ya mwanga, jozi iliyo jirani inainyonya na kuigeuza joto. Kwa macho, kioo kinabaki kizuri.

Maji yalitoka wapi, sikuhitaji kuuliza. Bandarini, nilipobeba mizigo, dokeri kweli, kabla hujanichukua, upepo wa ziwa ukivuma tulitupa magunia mabichi juu ya unga usiruke. Akili hiyo nikaileta kwako. Kila asubuhi nilifunika unga wetu wa kioo kwa kitambaa kibichi, nikijisifu naokoa gramu tano kwa kila kilo. Mle mna fosfati, na fosfati inakunywa maji kama mutu wa homa.

Kisha injenieri akaniambia, akidhani najua: "Lakini Muzee alileta kingine Alhamisi ile kabla ya kufa. Aliandika juu yake *unga mkavu*. Kilitoa saba. Akasema nisikuambie, atakuambia mwenyewe."

Ulikipika nilipokuwa bandarini nangoja mzigo wa Kigoma. Ulipima wewe, kwa macho yaleyale. Injenieri alifikiri tu kwamba siku hiyo umepima vizuri. Alhamisi hadi Jumanne ni siku tano, Mzee. Siku tano ulijua kosa ni langu, na ulinimiminia chai.

Nimemweleza mke wako, Mama Zaina. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango taratibu.

Ijumaa saa nne asubuhi rapo inafungwa. Nitaenda labo. Wafute "fundi ni mzee", waandike jina langu pale. Hilo nakuahidi, na kama itanigharimu kazi, basi. Pumzika, Mzee wangu. Mikono yako ilikuwa mizima.

Lakini wataniuliza kwa nini ulinyamaza. Ulikuwa unanihurumia, ao ulikuwa umeniacha nijikaange mwenyewe? Usiniletee ndoto za kuzungukazunguka. Nataka neno moja, kabla ya Ijumaa saa nne.