Shangazi, Asante kwa Salamu za Keshokutwa

Shangazi yangu mpenzi,

Arobaini yako imepita. Wageni wamerudi makwao, wa Kimuli na wa Bukoba, na nyumba imenyamaza. Jana nilifungua daftari langu la kila siku nikatafuta siku niliyopata cheti cha kuendesha pikipiki. Nimekuta mstari mmoja tu: "Leo nimepewa cheti. Mvua haikunyesha." Ni mstari mkavu mno kwa jambo lile, nawe ndiwe uliyelifanya, kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Vita ilikuwa imeondoka kwetu, Waingereza wamekaa Bukoba, na Bwana Salehe, mwenye duka la ngozi na kahawa hapa Kituntu, akanunua pikipiki kwa askari aliyekuwa akirudi kwao. Alitaka mtu wa kupeleka barua zake Bukoba upesi kuliko matarishi wa miguu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule kubwa ya pwani, na yule askari alikwisha kunifundisha kuiendesha kwenye uwanja ulio nyuma ya duka. Lakini serikali haikuruhusu mtu kuiingiza njiani bila cheti.

"Ukipata cheti, kazi ni yako," Bwana Salehe aliniambia. "Ukikosa, naleta mwendeshaji kutoka Bukoba, nawe utakwenda kunishikia duka la Mwanza. Siwezi kukuweka hapa uwe unanitazama."

Nilipokuletea habari ya Mwanza ulikuwa unamenya ndizi. Uliendelea kumenya ndizi ileile mpaka ikawa nyembamba kama kidole.

Bwana wa serikali alikuja safarini na mkalimani wake, akapanga siku mbili za kunipima. Sharti lilikuwa moja: nishuke kilima kutoka dukani hadi kijito, nigeuke, nipande tena, bila mguu kugusa chini. Mashine ile, ukisimama, injini inazimika. Kuiwasha mpaka uisukume mbio kisha uirukie.

Siku ya kwanza nilifika karibu na kijito vizuri kabisa. Hapo nikamwona Mzee Katabaro anakuja na fimbo yake katikati ya njia. Mikono yangu ilifanya kazi kabla sijafikiri. Nilisimama, nikashuka, nikavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na lile goti?"

Aliuliza goti lako, akauliza maharage, akauliza kama ng'ombe wa jirani yetu amezaa. Huko juu bwana wa serikali alikuwa anatutazama, mikono kiunoni. Niliisukuma ile mashine mlima mzima kwa miguu.

"Bwana anauliza," mkalimani akasema, "yule mzee ni mlinzi wa njia?"

"Hapana. Ni mzee."

Wakasemezana. "Bwana anasema hilo si jibu. Keshokutwa ndiyo mara ya mwisho."

Nilirudi kwako nikiwa na hakika ya Mwanza. Nilikueleza yote, nikangoja unikaripie. Uliniuliza tu, "Ulimvulia kofia?"

"Nilivua."

"Vizuri. Ungempita Katabaro umekaa juu ya kitu, ningehama mimi hapa kwa aibu." Ukasimama, ukajifunga kanga ya kutokea, ukachukua kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. "Haya, twende tukawasalimie ya keshokutwa."

Sikukuelewa mpaka tulipofika nyumba ya kwanza, kwa Bibi Koku. Ulimpa punje za kahawa kama mtu aliyekuja kwa jambo kubwa, ukamwambia, "Mtoto huyu keshokutwa atapita hapa juu ya ile mashine. Hatashuka. Leo amekuja kushuka."

Nikapiga goti, nikamwamkia. Bibi Koku alitafuna kahawa yake, akacheka. "Marahaba ya keshokutwa. Na akirudi?"

"Ya kurudi pia," ukasema.

"Basi marahaba mbili. Lakini asije akaniletea mavumbi kwenye mtama wangu."

Tulikwenda hivyo nyumba kwa nyumba, njia yote, wewe ukichechemea mbele na mimi nikipiga magoti nyuma yako. Wengine walicheka, mmoja akataka kujua kama anaweza kupata na za mwezi mzima. Hakuna aliyekataa ila Mzee Katabaro.

"Salamu hailali," alisema. "Ya leo ni ya leo. Anipite kama ndama aliyekata kamba, watu wanione?"

"Basi siku hiyo usiwe njiani."

"Njia hii aliifyeka baba yangu."

Ndipo ulipofanya jambo ambalo sijalisahau. Wewe, na goti lile, ulishuka chini mbele yake. "Katabaro," ukasema, "nilimngoja alipokuwa pwani. Nikamngoja wakati wa vita. Akikosa hicho cheti anakwenda Mwanza, na mimi sina tena nguvu za kungoja."

Alichukua kahawa. Tulirudi bila kujua kama amekubali.

Keshokutwa ilipofika, Bibi Koku na wenzake walikuwa mbele ya nyumba zao wametulia kama watu waliokwisha kulipwa haki yao. Niliteremka. Pale karibu na kijito Mzee Katabaro alikuwa amesimama na fimbo yake, na miguu yangu, Shangazi, ilikuwa inataka kushuka yenyewe. Alinitazama. Kisha akageuka polepole, akaipa njia mgongo, akaanza kukagua mkungu wa ndizi kana kwamba hajapata kuuona mkungu maishani mwake. Niligeuka kwenye kijito, nikarudi, naye yuko palepale na mkungu wake. Mtu asiyekuona hujampita.

Cheti kilipotiwa sahihi, nilikwenda kwake kwa miguu kabla ya kuja kwako. Nilimwamkia.

"Marahaba," akasema. "Umeshinda wapi leo? Sikukuona."

Shangazi, nimesafiri njia ya Bukoba na kurudi msimu baada ya msimu. Ulikuwa ukisikia mlio ukishuka upande wa Ihembe, unapakua chakula. Ulinilalamikia harufu ya mafuta shatini, ukanifulia shati hilohilo. Goti liliposhindwa kabisa, mimi ndiye niliyekubeba uani asubuhi ukaote jua. Ulipougua mara ya mwisho sikuletewa habari na mtu. Nilikuwa nimekaa kitandani pako. Uliomba maji nikakupa. Ulifumba macho ukiwa umenishika mkono.

Kama ningekuwa Mwanza, tarishi angefika kwangu wakati udongo wa kaburi lako umekwisha kukauka. Asante kwa kushuka chini siku ile ili mimi nibaki.

Pumzika, Shangazi. Mungu akupokee kwa heshima uliyowapa watu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, uliyenilea.