Kupiga Mpira kwa Mkono wa Kupura Maharage

Mpendwa Dada Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametutaka kila mmoja amwandikie barua mtu aliye mbali naye, halafu zibandikwe kwenye gazeti la ukutani la shule. Wenzangu wengi wamewaandikia marehemu. Mimi nimekuchagua wewe, uliye hai, na ikishabanduliwa nitakutumia. Najua barua zinazofika huko kwenye nyumba yenu ya malezi ya utawa husomwa kwanza na Sista mlezi, kwa hiyo hata hii ikisomwa na shule nzima haitakushtua. Mfikishie shikamoo yangu.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi watakuja hapa Sumbawanga watu wawili kutoka Mbeya kuchagua wachezaji wa besiboli wa kanda. Watakaochaguliwa watakaa kambini likizo yote ya mwezi wa sita. Wewe unajua likizo ya mwezi wa sita ina maana gani kwetu Msanzi. Maharage yatakuwa yameng'olewa, yamekauka, yamerundikwa uani, na mama atakuwa anamngoja mtu wa kupura naye. Nikichaguliwa hatakuwa na binti hata mmoja. Tangu Jumatatu sijatulia. Nafungua daftari la Fizikia, nalifunga. Nakwenda bombani na ndoo, narudi nayo ikiwa tupu.

Mchezo wenyewe hujawahi kuuona, ngoja nikueleze. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu. Mwingine amesimama na gongo, anaupiga, kisha anakimbilia kituo cha kwanza kabla mpira haujarudishwa hapo. Akikosa mara tatu, ametoka. Tunachanganyika wasichana na wavulana. Mrushaji wetu ni rafiki yangu Hamida, ambaye baba yake ana duka la nguo mjini. Anarusha mpira kama mtu anayekudai.

Anayetufundisha ni Mwalimu Oswadi, yule wa Fizikia. Mwezi uliopita alimpiga picha za video kila mmoja wetu akiwa na gongo. Kisha alituketisha darasani, akaweka simu mbili mezani. Moja ilikuwa na sisi, wachezaji wa ridhaa. Nyingine ilikuwa na mpigaji wa kulipwa, wa huko ambako mchezo huu ni kazi ya mtu. Akawa anazisogeza kidogo kidogo, zote mbili kwa pamoja.

"Mikono ya huyu wa kulipwa iko wapi?" akauliza.

"Bado iko nyuma, mwalimu."

"Mguu wake wa mbele?"

"Umeshatua."

"Na mpira?"

"Uko njiani."

"Basi. Mguu wake umefika kabla ya mpira. Nyinyi na mpira mnafika pamoja, kama wageni waliogongana mlangoni."

Dada, nilishangaa jinsi jambo lililoonekana kama kufumba na kufumbua lilivyo na foleni yake. Kwa yule wa kulipwa, nguvu inaanzia chini. Kisigino cha nyuma kinanyanyuka, nyonga zinageuka, kifua kinafuata, na mikono inakuja mwisho kabisa ikiburuta gongo nyuma yake. Ni kama mjeledi wa kuswagia maksai, ambao mkono ukisimama ncha ndiyo inayolia. Kichwa chake hakisogei. Gongo lake halishuki kutoka juu. Linapita karibu usawa wa kifua, likipanda kidogo, kwa sababu mpira wenyewe unakuja ukishuka, na yeye anaukuta kwenye njia yake.

Sisi wa ridhaa tunaanza na mikono. Mwili unakuja baadaye kama mtu aliyeamshwa ghafla. Nyonga na mabega vinafunguka pamoja, kama mlango, na mlango hauna mjeledi ndani yake. Mwalimu alisema hatuna upungufu wa nguvu. Tunaimwaga mapema tu, mpira ukifika tumebakiwa na mikono mitupu.

Halafu ikaja zamu ya video yangu. Nilinyanyua gongo hadi juu ya kichwa, nikalishusha moja kwa moja. Darasa zima likacheka.

"Skola anapura maharage!" Hamida akapiga kelele. "Mshikaji, acha mpira, tuletee debe!"

Nilicheka nao, maana ilikuwa kweli. Lakini mwalimu hakucheka. Alirudisha video nyuma, akaisimamisha pale gongo lilipokuwa juu.

"Angalieni hapa," akasema. "Mpira umeshaachiwa. Gongo liko juu, tayari kabisa. Halafu halishuki. Limetulia tu. Skola, hapa unamsubiri nani?"

Nilisimama nijibu. Nilikaa chini. Nilijua ninayemsubiri, dada, na jibu hilo halikuwa la kutoa mbele ya Kidato cha Tatu A.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu, uliponiruhusu kwa mara ya kwanza kushika fimbo? Ulisimama upande ule wa rundo, mimi upande huu, tukitazamana. Mama alikaa pembeni akipeta, na kila punje iliporuka alisema, "Hayo sasa ni ya kuku." Ulinifundisha kwamba yako ikipanda, yangu inashuka. Nikaenda vizuri kidogo, kisha nikanogewa. Nikapiga kabla fimbo yako haijanyanyuka, nikakupiga kwenye kifundo cha mkono. Ulikaa chini bila sauti, ukikiminya kwa mkono mwingine. Mimi ndiye niliyelia.

Baba alitoka ndani akasema, "Mnakimbizana na nani? Maharage hayana pa kwenda."

Kesho yake kifundo kilikuwa kimevimba, na bado ulichukua fimbo yako. Ukaniambia kwa upole, "Skola, subiri yangu itue. Usiangalie rundo, niangalie mimi."

Miaka sita nilifanya hivyo. Nilisubiri yako itue. Tukawa hodari hata majirani wakawa wanasema wakisikia mlio wetu kutoka barabarani wanadhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Sikuwahi kukupiga tena. Sasa Hamida ananirushia mpira, na mikono yangu inanyanyua gongo na kungoja fimbo ambayo haipo upande wa pili.

Mwalimu alinieleza ukweli bila kunificha. "Mpigo wako wa zamani utakupeleka kituo cha kwanza mara nyingi," aliniambia. "Mpira unagonga chini, unabiringika, nawe una mbio. Lakini watu wa Mbeya hawatauchagua. Mpigo mpya bado hujauzoea na utakosa sana. Ila ukiupata mmoja, watakuona."

Kwa hiyo unaona mahali nilipo. Nikipiga kwa namna ya zamani nitakimbia vizuri, nitapigiwa makofi, na mwezi wa sita nitakuwa nyumbani na mama. Nikipiga kwa namna mpya huenda nikaaibika mbele ya shule, au nikaondoka. Wiki nzima Hamida amenirushia mipira nyuma ya bwalo, upepo ukitupuliza hadi macho yanatoa machozi. Jana katika mipira ishirini niligusa mitatu. "Miguu kwanza!" ananipigia kelele. "Mguu, nyonga, mkono! Wewe kila siku mkono, mkono, kama unaomba lifti!"

Nikiwa mkweli, nimekukasirikia. Mwaka jana nilirudi likizo ya Pasaka nikakuta kitanda chako kimetandikwa na juu yake kuna gunia la ulezi. Nikauliza, "Dada yuko wapi?" Mama akasema, "Mwenzio ameitikia wito." Mama ulimwambia Ijumaa ukaondoka Jumapili. Mimi sikupewa hata hizo siku mbili. Mwezi wa sita tukapura mimi na mama, na mama hana mapigo yako. Anapiga mawili, anapumzika, anashika bega, anapiga moja. Nilikuwa nasimama na fimbo juu nikimngoja, na nilipomngoja nilikuwa nakuwaza wewe kwa hasira. Kisha jioni tukisali ananiambia, "Muombee dada yako," nami naomba. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Naacha hapa, kengele ya kujisomea imelia.

*

Dada, leo ni Jumapili, mchana. Barua hii bado haijabandikwa, kwa hiyo naongeza.

Walikuja mama mmoja mwembamba na baba mmoja mwenye kofia. Walikaa kwenye viti vya ofisini vilivyotolewa nje, wakiwa na chupa ya chai.

Zamu yangu ya kwanza nilipiga kwa namna mpya. Nikakosa, nikakosa, nikakosa. Mara ya tatu nilijizungusha hadi nikapiga goti. Wavulana wa Kidato cha Nne walifurahi sana. Mwalimu Oswadi akanifuata, akainama, akasema polepole, "Ukitaka, rudi kwenye wako wa zamani. Mimi sitakulaumu."

Zamu ya pili nikaurudia. Nikanyanyua gongo juu, likatulia pale kama kawaida yake, likashuka. Mpira ukabiringika, nikafika kituo cha kwanza, wasichana wakanishangilia kwa vigelegele. Nikamtazama yule mama wa Mbeya. Alikuwa anajimiminia chai.

Nilikaa pale kituoni nikihema, nikajua kwamba nimeshachagua kurudi nyumbani, na kwamba sijachagua kwa sababu nampenda mama. Nampenda. Lakini nilichokifanya kilikuwa woga, na nilitaka kukiita upendo.

Zamu ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hamida aliniangalia, hakutania. Akaachia mpira. Sikunyanyua gongo juu. Niliuweka mguu wa mbele chini wakati mpira bado uko njiani, na kwa mara ya kwanza nilijiona nimefika mapema, nina nafasi ya kuutazama ukija. Kisigino kikanyanyuka. Mengine sikuyafanya mimi, yalifuatana yenyewe. Mkononi sikusikia kishindo, ilikuwa kama nimekata hewa tu, nikadhani nimekosa tena. Kisha nikasikia watu wanasema "Aah!" na mpira ukaangukia kwenye kabichi za bustani ya shule.

Nilifika kituo cha pili. Yule mama aliweka kikombe chini, akamwambia mwenzake, "Huyu amepiga kwa miguu." Walisoma majina tisa. Langu lilikuwa la saba, la Hamida la kwanza, naye ananikumbusha kila baada ya dakika tano.

Leo baada ya Misa nilimwomba matroni simu nimpigie mama. Nikaishika. Nikatembea hadi kwenye ua, nikarudi, nikaenda tena. Matroni akasema, "Unapiga au unaitembeza?" Nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Umefukuzwa?"

"Hapana. Nimechaguliwa. Kwenda Mbeya, kambini, likizo ya mwezi wa sita."

Nilisikia kuku wetu, na mtu akipita na baiskeli.

"Na wewe pia?" akasema.

Nikaihamishia simu sikio la pili. Akauliza, "Mwezi wa sita huu unaokuja?"

"Ndiyo, mama. Ni wiki tatu kutoka leo."

"Wiki tatu. Mwenzio alinipa siku mbili." Akashusha pumzi. "Watawapa mablanketi? Mbeya ina baridi."

"Kama huku tu, mama."

"Haya. Nitamwita shangazi yako tupure naye. Hana mpangilio, lakini anaimba." Kisha kwa sauti ndogo, "Asante kwa kuniambia mapema."

Nilikuwa nimepanga kuimalizia barua hii kwa kukulaumu, dada. Nilidhani uliondoka kimya kwa sababu kuondoka kulikuwa rahisi kwako. Leo nimeshika simu robo saa kwa ajili ya mwezi mmoja tu wa kambi, na wewe ulikuwa unakwenda moja kwa moja. Nadhani nawe ulitembea uani, ukarudi, ukatembea tena, siku nyingi, hadi ikabaki Ijumaa.

Mama hakunituma nikwambie neno lolote. Lakini ile "Na wewe pia?" yake haikuwa yangu peke yangu, na wewe umo. Wakikuruhusu kuandika barua moja tu, usiniandikie mimi. Mimi ni mzima na nina mazoezi saa kumi. Mwandikie mama, ya kwake peke yake, umweleze zile siku kabla ya Ijumaa.

Baki na Mungu, nami niombee Mbeya.

Mdogo wako,
Skola