Uduvi wa Mtungi wa Peremende

Jumapili, 21 Septemba 1997

Mjomba Sylvance amefika na treni ya asubuhi kutoka Kisumu. Hakusahau! Ameniletea chupa ya maji ya ziwa, na ndani yake magugu na uduvi kumi na mmoja, wazima wote. Hawazidi ukucha wangu. Ukiwamulika unaona hadi chakula tumboni.

Anti Phelister, dada ya Baba, alicheka mpaka akaketi. Ati kwao ziwani ochong'a, ndio hawa uduvi, huanikwa wakapewa kuku. "Akech, unafuga chakula cha kuku!" Nikaendelea kuwahesabu. Huwa sijibu.

Magan wa duka alinipa mtungi wa kioo wa peremende, ule wenye ufa mdomoni. Mchanga nimeuosha mara tisa. Magugu nimeyapanda kwa kijiko.

Jumatano, 24 Septemba

Nilimweleza Mwalimu Kweyu wa biolojia baada ya kipindi. Aliniambia nirudie mara mbili, sauti yangu ilikuwa chini mno. Halafu akalitangazia darasa zima: bila pampu ya umeme ya kutia hewa, hazitapita wiki mbili kabla ya uvundo. Wakacheka. Nikatazama daftari.

Lakini kitabu cha maktaba kinasema mimea ikipata mwanga hutoa oksijeni. Mtungi uko dirishani. Tutaona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wiki mbili na siku moja. Uvundo — hakuna! Wote kumi na mmoja, nimehesabu mara tatu.

Siri ni maji. Ya mfereji yana klorini, nayo huwaua. Nayalaza siku mbili katika beseni la bluu chini ya kitanda ili klorini itoke, kisha naongeza kikombe kimoja tu. Sijamwambia mtu, kaka yangu Tobias asije akapata la kunichekea. Hata bila hilo, kila akipita: "Niaje, Daktari! Tunakaanga lini?"

Wanakula ukijani wa kwenye kioo. Jumapili, kipande cha sukuma wiki kilichochemshwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mmoja ana mayai!!

Yako chini ya tumbo, ya kijani, kama thelathini. Anayapepea kwa vile vijiguu vya tumboni, hapumziki, kama mtu anayepepea jiko la makaa lililokataa kushika.

Mama aliacha unga wa chapati akaja kuangalia. Aliinama muda mrefu. Kisha akamwita jirani yetu, Mukai, mikono bado ina unga: "Njoo uone, huyu wetu ana mimba."

Huyu wetu! Mwezi uliopita alitaka mtungi huu awekee njugu.

Jumatatu, 3 Novemba

Kila yai sasa lina vidoa viwili vyeusi. Macho!

Nilimwambia Mwalimu Kweyu, na mara hii hakuniuliza nilichosema. Hakuamini. Akasema Jumamosi saa sita atapita kwetu aone kwa macho yake, yeye anakaa ploti ya tatu. Nikiwa nao kweli, nitasimama niwafundishe kidato cha pili wote jinsi nilivyofanya.

Mimi. Nisimame. Naogopa, lakini nataka.

Ijumaa, 7 Novemba

Wanne wamekufa.

Nilirudi shuleni nikakuta mtungi umejaa hadi shingoni, na wao wamelala mchangani, wekundu kama waliopikwa. Redio imekuwa ikionya juu ya kipindupindu tangu mvua zianze, na Mama hutia dawa ya klorini kwenye maji ya kunywa. Leo aliona mtungi umepungua na mgeni anakuja kesho. Akaujaza. "Nimewapa yale safi kabisa," akasema, "yale tunayokunywa sisi."

Aliwapa maji bora ya nyumba hii. Nani angemwambia? Ni mimi niliyeficha beseni.

Sikumpigia kelele. Nilimweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Tulimwaga zaidi ya nusu, tukatia yote ya beseni. Halafu akapanga sufuria zote nje, mvuani. Ya mvua hayana klorini.

Jumamosi, 8 Novemba

Wawili zaidi. Wamebaki watano.

Mwenye mayai amelala ubavu tangu asubuhi. Lakini anapepea! Anasimama kidogo, naacha kupumua, kisha anaanza tena. Mayai hayajadondoka hata moja.

Anti Phelister alikuja saa nne. Nilingoja kuku watajwe. Aliuliza tu, "Mwenye mimba yuko wapi?" Akavua viatu, akaenda kukinga maji chini ya bati. Amelowa kabisa. Tobias anayachuja kwa kitambaa. Mama ameburuta kiti hadi dirishani, sokoni hajaenda.

Saa sita kasoro. Nimejificha chumbani, naandika. Nimwambie Mwalimu nini? Kwamba walikuwa kumi na mmoja?

Hodi. Ni yeye.

Namsikia akiuliza pampu iko wapi. Mama anamjibu, "Karibu, Mwalimu. Pampu hatuna. Mwenyewe yuko ndani, atakueleza."

Anti anapiga kelele kutoka dirishani: bado anapepea.

Natoka.