Tripodi Iliyonasa Mshono wa Baba Yako

Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Rangi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Mrefu,

Pokea salamu zetu sote wawili, mimi shangazi yako na baba yako, ambaye ameketi hapa mezani akijifanya hasomi ninachoandika. U hali gani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Mke wako amerudi kazini, na wajukuu zangu wameizoea shule mpya? Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi, na baba yako anakohoa kidogo asubuhi. Zaidi ya hayo hatuna la kulalamikia, na leo nina la kujivunia.

Ndani ya bahasha hii utakuta kadi ndogo ya kamera, nimeifunga kwa kipande cha ngozi laini. Usiiweke mfukoni pamoja na funguo. Imebeba dakika arobaini na moja za baba yako akishona pua ya kiatu, kuanzia tundu la kwanza hadi fundo la mwisho, na picha haitikisiki hata mara moja.

Unajua kwamba jiji linapanua barabara, na kwamba karakana ya baba yako ilikuwa na amri ya kubomolewa jana, Jumamosi. Meza yake ilikuwa imefungwa ukutani kwa boliti za zamani, haihamishiki, naye aliapa kwamba jozi aliyokuwa nayo mkononi ndiyo ya mwisho. Wewe nawe mwaka mzima umejaribu kujifunza mshono wake kwa simu, na kila jozi uliyoshona imelegea puani kabla ya mwezi kwisha. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikachukua kamera uliyonitumia, nikaishika mkononi, nikarekodi, nikakutumia. Jibu lako bado ninalo: "Shangazi, baba anashona kiatu ndani ya lori?"

Nilicheka, kisha nikaitazama mikono yangu. Ina miaka sabini na minne. Haitatulia kwa kuambiwa.

Kilichohitajika ni tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Na miguu mitatu, mwanangu, nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Miaka thelathini na mmoja ya kupima ardhi katika nchi tatu, nikibeba begani ile ya mbao ya kuwekea chombo cha kupimia. Nimewawekea watu mipaka ya viwanja visivyo na idadi. Changu mwenyewe sijawahi kukipigia hata kigingi kimoja. Basi dukani niliingia kifua mbele.

Muuza kamera ni mtu mzima, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Akaniwekea tripodi nyepesi, nyeusi, inang'aa, ya bei ya chini kabisa. Akasema wanaoanza kutengeneza filamu wote huanza nayo. Nikaifungua, nikaisimamisha, halafu unyayo wangu, bila kuniuliza, ukafanya ulichozoea maisha yake yote: ukaukanyaga mguu wa stendi ili uzame ardhini. Ardhi yenyewe ilikuwa vigae. Plastiki ikalia, mguu ukapasuka katikati.

"Mama, hiyo ni stendi, si jembe," akasema.

"Naona."

"Umevunja, umenunua."

"Mimi nina kilo hamsini na mbili, na viatu juu. Kama hii imeshindwa na mimi, ungemuuzia nani roho yako ikatulia?"

Mama mmoja aliyekuja kununua betri akaangua kicheko. "Mpe ya chuma huyo, atakumalizia duka." Muuzaji naye akashindwa kuendelea kununa. Tukakubaliana nilipe nusu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na udhaifu ulikuwa wake.

Kwa kuwa nawe umesema unataka kuanza kurekodi kazi zako, nikuandikie nilichojifunza hapo ili usivunje kitu. Akanionyesha ya ghali, nyepesi kama fimbo ya mwanzi. Hiyo ni ya mtu anayepanda milima na mzigo mgongoni. Wewe na mimi tunarekodi chumbani, uzito ni rafiki yetu. Funga vibano vyote vya miguu, weka kiganja juu ya kichwa cha stendi, gandamiza, kisha jaribu kuisokota. Ikijipinda, rudisha. Inamisha kichwa mbele kamera ikiwa juu yake, kaza, achia. Kikiporomoka hata upana wa ukucha, picha yako nayo itaporomoka taratibu, na hutajua mpaka umemaliza. Na usivutiwe na nguzo ya katikati inayopanda juu. Ukiipandisha, umeacha kusimama kwa miguu mitatu, unasimama kwa mmoja. Urefu utafute miguuni.

Niliyoichukua ilikuwa nyuma ya kabati, imejaa vumbi. Ilikuwa ya mpiga picha za harusi aliyestaafu. Miguu ya chuma, rangi imechubuka, kichwa kinageuka polepole kama mtu asiye na haraka ya kujibu. Ilikuwa rahisi kwa sababu moja tu: kibao cha kufungia kamera kilikuwa kimepotea. Nilijua nani atakitengeneza.

Baba yako alikitengeneza kwa ngozi ya soli, tabaka tatu, zimegundishwa na kushonwa pembeni, na skrubu moja katikati. Alichukua mchana mzima. Nikamwambia kibao tu, hakuna atakayekivaa. Akanijibu, "Dada, kitu kikitoka hapa kimetoka hapa."

Alhamisi asubuhi tukaanza. Niliisimamisha nyuma ya bega lake la kushoto, kamera ikitazama chini kwenye kiatu, dirisha likiwa upande wa pili ili kivuli cha mkono kisiufunike mshono. Katikati ya miguu nikatundika mfuko wa misumari ili iwe nzito zaidi. Kisha nikaweka pimamaji juu ya kichwa na kusubiri kiputo cha hewa kikae katikati.

"Unanipiga picha au unanikatia kiwanja?" akauliza.

"Kaa kwenye mpaka wako, ushone."

Akashona. Sindano mbili, nyuzi mbili, tundu moja. Na mimi, ambaye kwa mara ya kwanza sikuwa na kamera mkononi, niliweza kumshikia kalibu, lile umbo la mguu linalokaa ndani ya kiatu, isizunguke, kama ulivyokuwa ukimshikia wewe zamani. Nje walikuwa wameshaanza kuvunja duka la jirani, na vumbi lilikuwa likiingia chini ya mlango. Tripodi haikusogea.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo sababu ya barua. Jioni tuliketi hapa kutazama. Baba yako alijitazama kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Dakika ya ishirini na saba, mshono unapoanza kuzunguka pua, akanishika mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Tena."

Ndipo tukaona wote. Kabla ya kuvuta nyuzi kwenye ule mzunguko, kila mara, kwa muda wa kufumba jicho, anaubonyeza uzi wa chini kwa ukucha wa kidole gumba. Anaushikilia. Anavuta. Anaachia.

"Kumbe nabonyeza," akasema.

Miaka arobaini na sita anashona viatu na hakulijua hilo, mwanangu. Hakukuficha kitu, wala wewe hukuwa mzito wa kuelewa. Asingeweza kukuambia kwenye simu jambo ambalo kidole chake kilikuwa kikilifanya bila yeye kujua. Katika ile video yangu ya lori ukucha ule ni ukungu mtupu. Katika hii unaweza kuhesabu mistari yake.

Jana tingatinga lilipofika, majirani walikwenda kutazama. Mimi nilisimama dirishani nikaona paa likishuka, na sitakuficha, nililia kidogo. Hiyo ni ya tatu, baada ya nyumba mbili nilizowahi kuishi, ninayoiona ikiondoka. Baba yako hakuinuka. Alikuwa na karatasi na penseli, akiandika dakika za kukuonyesha, kwa ule mwandiko wake wa kuchora nyayo. Orodha hiyo nimeiweka pamoja na kadi. Ameacha nafasi chini, akasema huenda wewe utaona mengine asiyoyajua.

Nisalimie mke wako, wajukuu zangu wote wawili, mama yako mdogo, na yule mwalimu jirani yenu anayependa kubishana. Mungu awalindie afya na awape riziki isiyokata, na mikono yako aitie utulivu ambao yangu imeuaga.

Baba yako ameniomba niongeze neno, kisha akatoka chumbani ili nisimwone uso. Anasema jozi ya kwanza utakayoshona sawasawa usimtumie. Ivae wewe, utembee nayo mwezi mzima, halafu umwambie imefika wapi.

Shangazi yako akupendaye daima.