Simu Mbili za Maskati

Chachani,
Chake Chake, Pemba.
Jumapili, 1 Agosti 1999

Mpendwa mdogo wangu Ngwali,

Assalaam alaykum. Naanza na hali yako, maana hata mtu akiwa na hasira na nduguye salamu haiachi. U mzima? Mgongo umepoa? Mkeo Radhiya na watoto hawajambo? Bi Moza katwambia joto la huko mwaka huu linachubua ngozi, nikasema mdogo wangu ndiyo keshakuwa mkavu kama ng'onda.

Kuno sote wazima, alhamdulillahi. Mie goti tu, nikikaa kuinuka taabu. Karafuu zimeanza kuchumwa na mvua inatuchungulia kila tukianika.

Barua hii nampa Bi Moza mkononi, likizo yake imekwisha, anaruka Jumanne kurudi huko Maskati. Ningengoja upige, lakini haya siyasemi simuni. Nikisema simuni anayasikia Mize. Na aliyefanya Mize ayasikie ni weye.

Nani alikutuma ulete simu mbili za namna moja? Mie nikuombe simu isiyo na waya nizunguke nayo uani, weye unifungie yangu, na ndani ya katoni hiyo hiyo umfungie na ya Mize mtalaka wako, rangi moja, sura moja, kama kanga doti. Na unajua nyumba yake na yangu zatenganishwa na ukuta ambao kuku anauruka. Ukaona ndiyo umefanya uadilifu. Uadilifu wako huo ndio uliovunja shughuli ya mwanao.

Sasa sikiliza ilivyokuwa Ijumaa, maana weye ulikata simu ukanuna, hujui lolote.

Watu wa Konde walifika mapema, gari mbili, Sleiman bwana harusi kavaa joho, baba yake Mzee Hija mbele. Wanaume nikawakalisha barazani kwangu, kwa kuwa weye baba hupo na mie ndiye upande wako. Mize hilo lilimkaa rohoni, alitaka wakae kwake. Sikumjali. Shehe Othman akakaa na mashahidi wake wawili, mkono wa simu kati kwa kati, spika imefunguliwa, wanangoja umpe Shehe uwakili kwa sauti yako akuozeshee mwanao Mwanaasha.

Ukapiga. Ikaanza kukoroma. Ngwali, ile si simu, ile ilikuwa mashine ya kusaga. Nakusikia "nimeku", halafu krrr, halafu "binti yangu", halafu krrr. Shehe kainama sikio lagusa mkeka. Mara ikatoka sauti ya mwanamke, safi kabisa, inasema, "Mwambie nazi hazitoshi, na zile alizoleta mbovu." Mize huyo, yuko ndani kwake anazungumza na dada yake wa Wete. Baraza nzima ikacheka. Weye huko ukadhani unachekwa weye, ukakata.

Shehe akasema, "Mie nimesikia mvumo na bei ya nazi. Siozeshi kwa mvumo." Nikamwomba akubali karatasi, uandike, uitie sahihi. Akakataa. Anasema karatasi huandikwa na yeyote, sauti yako yeye anaijua tangu anakusomesha Kurani chuoni kwake na fimbo.

Watu wa Konde wakala pilau yetu, wakanawa, wakarudi bila mke. Jana Mzee Hija kaleta mjumbe: Ijumaa hii ya tarehe sita ndiyo ya mwisho, Sleiman likizo yake inakwisha Jumapili anarudi kazini Tanga, na kama kwa kina Ngwali hakuna baba, waseme.

Basi mie nikasimama ukutani nikamwambia Mize yote niliyonayo tangu siku uliyomuoa. Nikamwambia kaifanya kusudi. Akanijibu, "Bi Mwanapili, simu yako inakoroma kwa kuwa mwenye nyumba anakoroma." Majirani wote nje. Mwanamke yule ana ulimi, sijui ulikaa naye vipi miaka tisa.

Nikamwita Jaribu, yule fundi wa redio wa pale sokoni, aje ashuhudie uovu wa Mize. Akaingia ndani, akatazama friji langu, akanitazama mie. Kitako cha simu, kile chenye waya na antena, nilikiweka juu ya friji, ubavuni mwa stablaiza ya umeme, nikakifunika kile kitambaa cha kufuma, kizuri, cha maua. Antena ilikuwa inakiinua kitambaa, haikai vizuri, nikaikunja nikaifunga kwa uzi. Tena ile nailoni iliyokuja nayo simu sijaitoa, ili isichafuke. Jaribu akasema, "Bibi, hii simu umeivisha sanda."

Akavitoa vyote. Akaihamishia dirishani, mbali na stablaiza, akaisimamisha antena. Mkoromo nusu yake ukaondoka. Nusu, Ngwali. Kwa hiyo nusu ni mie, nakubali, usiniandikie maneno. Nusu ya pili ni nyinyi wawili.

Maana kumbe simu hizi zina chaneli kumi na kidude cha kubadilishia. Jaribu kanionesha. Nikahamia ya tatu, namkuta Mize. Nikaenda ya saba, Mize. Kumbe naye kwake anabonyeza anikimbie mie. Tumekimbizana humo saa nzima. Mwisho nikasikia, "Ondoka simuni mwangu." Nikamwambia, "Ondoka weye, mie nimefika mwanzo." Ndiyo maneno yetu ya kwanza kwa uzuri tangu Ijumaa, na ukuta uko pale pale.

Jaribu akapita kwake, akarudi. Anasema simu ya Mize haina kasoro, ila zikiwashwa mbili hazitaelewana, basi siku ya ndoa lazima moja izimwe. Nikasema izimwe ya Mize. Mize akasema izimwe ya Mwanapili. Fundi akafunga mkoba wake akaenda zake.

Leo asubuhi kaja Mwanaasha. Hakusalimia, kakaa jikoni kwangu, kaniwekea mikono yake mapajani. Hina ya Ijumaa imeanza kupauka, imekuwa rangi ya kutu. Akasema, "Shangazi, mkimaliza kugombana mtanipaka tena, au nikaioshe?"

Mie nimemlea yule tangu ulipoondoka, nusu ya usiku wake kalala kwangu.

Basi nimechomoa simu yangu. Nimeizungusha waya wake nikaitia kabatini, chini ya mashuka. Nikamtuma Mwanaasha akamwambie mama yake wanaume watakaa kwake, na mikeka nitatoa mie, ya kwake imetoboka.

Kwa hiyo Ijumaa baada ya sala piga kwa Mize. Namba yake unayo, usinionee haya. Sema taratibu, sema jina lako kamili na la Mwanaasha na la Sleiman, na usikate hata ukisikia mtu anacheka. Mie nitakuwa barazani kwa Mize, sijapakanyaga mwaka wa sita huu, na nikipakanyaga bure sitakusamehe.

Msalimie Radhiya, umbusu mtoto wenu mdogo. Mwanaasha anakusalimu. Bi Moza muulize zaidi, yeye anajua mie maneno hupunguza. Mize hakutoa salamu wala sikumwomba.

Mola akuhifadhi ugenini, akupe riziki ya halali na sauti ya kusikika.

Ni mie dada yako, nikupendaye na hasira zangu,

Mwanapili