Madimbwi ya Vumilia

Jumatatu, 7 Oktoba

Madimbwi tisa leo, yote mashimo ya matofali. Dawa ya mbu imebaki robo bomba. Gambuti la kushoto linaingiza maji, soksi tope tupu hadi jioni.

Bwana Afya alipita na kata yake nyeupe. Utaratibu wake ni uleule. Anachota mara kumi kila dimbwi, anahesabu viluwiluwi wa mbu, anaandika. Kwangu alipata wanne. Akavuka kijito kwenda upande wa Vumilia. Sifuri. Wiki ya tatu hii, sifuri.

Mimi nimepulizia maji ya Kitandililo miaka sita. Vumilia hajamaliza hata mwaka. Kabla ya hapo alikuwa anauza vitumbua stendi ya Makambako. Nimeudhika na sitajifanya sijaudhika.

Jumatano, 9 Oktoba

Kikao ofisi ya kata. Kuna nafasi. Mhudumu mmoja wa kwetu ataenda mafunzo Njombe wiki nzima, na akirudi anakuwa msimamizi wa wapuliziaji wote. Msimamizi habebi bomba mgongoni. Anakagua tu, na pikipiki anapewa. Magoti yangu yaliisikia habari hiyo kabla ya masikio.

Atakayeenda ni mwenye matokeo mazuri kuliko wote kwenye ukaguzi wa Jumatano ijayo. Bwana Afya alipomaliza kusema hivyo, watu wote walimgeukia Vumilia. Hata mimi niligeuka. Yeye alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu, ametulia tuli. Simpendi akitulia hivyo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemfuata. Sina neno lingine la kuandika, nimemfuata. Nilipita nyuma ya mianzi hadi juu ya bonde, nikakaa kwenye kisiki kama mtu anayepumzika.

Nilitamani nimkute anamwaga oili chafu ndani ya maji. Au anachota yeye kwanza na kuwatupa viluwiluwi kabla Bwana Afya hajafika. Chochote cha kwenda kusema.

Hakuna. Bonde lile lote ni vinyungu, bustani za mboga za bondeni, na wenye vinyungu wakati huu wa kiangazi huchimba vishimo vya maji ya kumwagilia mboga. Wiki hii hapa, wiki ijayo wamefukia, wamechimba pale. Mimi nafuata orodha ya mashimo niliyopewa. Vumilia hafuati orodha. Anasimama kwa kila mwenye kinyungu. "Kamwene, mama. Wiki hii mmechimba wapi?" Wanamwonyesha kwa kidole, naye anakwenda. Hata nyayo za ng'ombe zenye maji anazipulizia. Na anaimba, sauti ya pili ya kwaya, utadhani yuko kanisani.

Mama Mgaya alimpa viazi vya kuchemsha. Mama Mgaya huyuhuyu aliyenitoa mbio na jembe mwaka wangu wa kwanza, eti dawa itakausha kabichi zake.

Kumbe anafanya kazi tu. Hilo limeniuma kuliko kama ningemkuta mwizi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nami nimejaribu kuuliza. Mzee mmoja wa upande wangu akaacha kupalilia, akanitazama. "Kwani wewe umeanza lini kuuliza?" Nimerudi kwenye orodha yangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepulizia mashimo yote mara mbili, isipokuwa moja nyuma ya tanuru. Najua kwa nini nimeliacha.

Baba Edina anasema siku hizi nina jina moja tu mdomoni. Nimemwambia ale ugali wake.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimefanya.

Nilichukua chujio la chai. Lile shimo la nyuma ya tanuru lilikuwa limejaa. Nilichuja, nikageuzia kwenye chupa ya maji, nikachuja tena. Saa saba mchana watu wote wanapokwenda kula, nilivuka kijito nikamimina kwenye vishimo viwili vya Vumilia, pale kwa Mama Mgaya. Dawa aliyoweka Ijumaa imeshachoka. Na hata kama haijachoka, dawa yetu haiui papo hapo. Asubuhi wengi watakuwa bado wanacheza.

Nilifanya kama kazi ya kila siku. Ningeogopa ningejisikia nafuu. Chujio nimelitupa chooni, nikamwambia Edina limepotea.

Jumatano, 16 Oktoba

Ukaguzi. Kwangu wawili, basi.

Kwake vishimo vyote sifuri, sifuri, hadi tulipofika kwa Mama Mgaya. Kata ya kwanza saba. Kishimo cha pili watano. Bwana Afya alikunja uso, alikuwa hataki kuamini. Vumilia akaiomba kata. Akaielekeza juani, akaangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zangu.

"Wote wakubwa," akasema.

Bwana Afya akamjibu kwamba wawe wakubwa, wawe wadogo, ni viluwiluwi. Akaandika. Vumilia akarudisha kata. Mama Mgaya ndiye aliyelalamika, kwa Kibena, kwa sauti, kana kwamba wamekutwa kitandani kwake.

Nimechaguliwa mimi. Baba Edina amechinja jogoo. Nimekula paja na lilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Jumatatu, 21 Oktoba. Njombe

Baridi ya huku si mchezo. Masweta mawili na bado. Mwenye nyumba ya wageni alipoambiwa tumekuja kujifunza habari za mbu alicheka hadi akashika mlango, akasema afadhali tungeletwa kujifunza baridi.

Tuko wahudumu kutoka kata mbalimbali. Makambako mjini wamemleta Kaduma, kijana anayeuliza swali kila baada ya dakika tano. Nimepewa daftari na kofia. Nilijipiga picha nikamtumia Edina. Nikatamani Vumilia aione.

Jumatano, 23 Oktoba. Njombe

Asubuhi mkufunzi alileta maji ya dimbwi kutoka kijiji cha Yakobi, akayamwaga kwenye beseni jeupe. Tukainama wote. Akasema mbu wanataga kila mara. Kwa hiyo dimbwi la kweli lina umri wote, kuna wadogo kama vumbi, wa kati, wakubwa. Ukikuta wakubwa peke yao, tena mahali palipowekwa dawa siku chache tu nyuma, jiulize wametoka wapi. Kiluwiluwi hakui kwa siku tano, hasa kwenye baridi yetu. Ameshawahi kukutana na jambo hilo, akasema. Mtu kawaleta.

Matundu ya chujio la chai. Wadogo walipita, wakabaki wakubwa.

Kaduma aliuliza swali, sikusikia. Nilikuwa nimeshika kalamu tu. Vumilia alijua palepale, juani, na kata mkononi. Hajawahi kukaa kwenye mafunzo yoyote, mimi ndiye niliyeletwa hadi Njombe kufundishwa anachokijua. Hata kwa hili nimemwonea wivu. Kwanza wivu, aibu imekuja baadaye, wakati wa chai.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya ibada nilikwenda kwake. Alikuwa uani anapukuchua maharage. Sikukaa. Nilimwambia yote, chupa, chujio, saa saba.

Hakuacha kupukuchua. "Nilijua, dada Yusta."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema mbele ya Bwana Afya wangekutoa kazini. Nikaona utasema mwenyewe kabla ya kwenda Njombe. Jumapili ile nilikwenda stendi, nikakuona unapanda gari. Nikajua husemi."

Alitaka nafasi ile. Aliniambia hivyo, bila kukwepa. Alishawaambia hata wazazi wake. Nilisimama pale, jua la mchana, maharage yanaanguka kwenye ungo. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, na nikamkasirikia kwa hilo pia. Mimi ni mtu wa ajabu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimemwambia Bwana Afya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nilidhani itakuwa rahisi. Mimi natoka, Vumilia anaingia. Akaniambia haiwi hivyo. Msimamizi lazima awe amehudhuria mafunzo, na mafunzo yamekwisha. Majina yanatakiwa halmashauri Ijumaa. Mimi sifai tena, Vumilia hakwenda. Atamweka Kaduma, aisimamie kata yake na yetu. Nilimwomba. Nilisema niko tayari kupiga magoti. Akasema, "Ungesema ile Jumatano, Yusta."

Bomba ameniachia. Hana mtu mwingine wa kumpa, ameniambia hivyo wazi.

Jumanne, 29 Oktoba

Vumilia ameambiwa. Mimi sikuwepo. Mama Mgaya amenisimulia, ingawa sikumuuliza. Eti alishukuru, akabeba bomba lake akaenda bondeni. Hakuimba.

Ijumaa, 1 Novemba

Baba Edina amejua. Mji mdogo. Amekula, ametoka.

Nimenunua chujio jipya. Edina ameuliza la zamani lilipotea vipi. Nimemwambia nililitupa.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya kwanza juzi. Ndogo, lakini nyayo za ng'ombe zimejaa maji bonde zima.

Kaduma amekuja na pikipiki. Ana adabu, anauliza maswali yake, anaandika polepole. Kwangu mmoja. Kwa Vumilia sifuri.

Nimeanza kuuliza wenye vinyungu wamechimba wapi. Yule mzee leo alinionyesha vishimo viwili nyuma ya mianzi. Miaka sita sikuwahi kujua vipo.

Nilipokuwa huko nyuma ya mianzi Vumilia alipita ng'ambo ya kijito, bomba mgongoni. Alisimama. "Kamwene," akasema, kwa adabu, kama unavyomsalimu mtu uliyekutana naye njiani. Hakuniita dada.

Niliitikia. Akaendelea kupanda, na mimi nikafungua koki ya bomba.